Lori Lililooshwa Jioni

Zamani gari likiugua lilikohoa, likatetemeka, likatoa moshi, na mwenye masikio akajua linaumwa wapi. Siku hizi linawasha taa ndogo ya manjano kisha linanyamaza kama mtu aliyenuna, na wewe ubaki ukijiuliza umelikosea nini.

Mzee Sikio alikuwa mtu wa enzi ile ya kikohozi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa karakanani, kwa tabia yake ya kuchukua bisibisi ndefu, kuweka ncha yake juu ya injini inayounguruma na mpini wake sikioni, kisha kufumba macho. Wenzake waliweka nyundo chini wakamngoja. Akifumbua macho alisema neno moja au mawili tu: "Vali." Au: "Beringi ya mbele." Likifunguliwa, linakutwa vilevile. Fundi wa siku hizi hasikilizi. Anabadilisha kipuri hiki, anabadilisha na kile, mpaka ugonjwa unachoka wenyewe na kwenda zake.

Karakana yenyewe haipo tena. Lilikuwa banda refu la mabati, lina mashimo mawili ya kuingilia chini ya magari, na ukuta mzima umechorwa vivuli vya spana ili kila spana ijue kwake. Sasa pamejengwa maduka, na pale lilipokuwa shimo la kwanza mtu anauza makava ya simu. Mzee Sikio alipita hapo mara moja, akasimama kidogo, akaondoka. Tangu siku hiyo alikuwa radhi azunguke njia ya nyuma, hata kukiwa na tope.

Lakini sheria za karakana alikwenda nazo nyumbani. Vyombo alivipangusa kabla hajanawa kula. Nati hazikuwekwa chini, ziliwekwa kwenye kopo. Na sheria iliyozipita zote ni kwamba gari la mtu halikabidhiwi likiwa chafu. Ukimaliza kazi unaisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, unaimwagia maji ndoo nzima, unaipangusa, ndipo unashusha boneti kwa viganja viwili, taratibu, kama unayemfunika mtoto aliyelala. Aliyebamiza boneti mbele ya msimamizi wao alishika ufagio siku hiyo mpaka jua kuzama, na hakuna aliyemwonea huruma.

Mtoto wake wa mwisho, binti, alikuwa anaitwa Dereva tangu miguu yake haijafika kwenye pedeli. Alikuwa anapakatwa na baba yake kwenye malori ya majaribio, mikono midogo juu ya usukani, akitoa mlio wa injini kwa midomo. Jina likamganda, na alipokua akalifuata: akaendesha malori ya watu, mchanga leo, matofali kesho. Akaolewa na fundi cherehani, mtu mpole, mwenye sindano kwenye kola ya shati wakati wote, ambaye ukimwuliza jambo anakutazama kwanza kama anayekupima suruali. Wakakaa chumba cha nyuma, kwenye nyumba ya wazazi wa Dereva, na humo akazaliwa mjukuu.

Mjukuu huyo ndiye aliyekuwa furaha ya Mzee Sikio. Kila asubuhi alikuja na kikombe chake cha bati, akakaa karibu na babu yake kwenye kizingiti, na mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Mchumba, umeamka?"

"Nimeamka."

"Mke mwenzio ameshachemsha chai?"

Na mke wa Mzee Sikio, toka jikoni, alijibu bila kugeuka: "Mwambie huyo mchumba wako akufulie na hayo mashati. Mimi nimechoka na mafuta ya magari."

Basi ikaja habari kutoka mbali, ng'ambo ya milima. Shule kubwa ya bweni ilitaka fundi wa kushona sare. Kulikuwa na chumba cha kazi chenye madirisha, nyumba ya kukaa, na darasa la watoto wadogo. Mkwe alikuwa amechoka kupunguza urefu wa suruali za watu barazani pa duka lisilo lake. Dereva naye aliambiwa huko kuna wakulima wengi na mavuno yao yanakosa gari. Wakakusanya walichokuwa nacho, wakanunua lori dogo kwa mtu aliyekwisha kulichoka. Lilikuja uani likivutwa kwa kamba, vumbi tupu, taa moja imefumba.

"Mmeninunulia maiti," alisema Mzee Sikio, akalizunguka. Lakini siku hiyo alikula upesi, na alfajiri iliyofuata alikuwa tayari amevaa nguo za kazi.

Walilitengeneza wenyewe, baba na binti, palepale uani chini ya turubai. Walishusha kichwa cha injini, wakaweka gasketi mpya, wakasafisha njia za hewa zilizojaa masizi, wakafungua soketi za nyaya zote, maana lori la siku hizi lina nyaya kama kichwa kina nywele. Mkwe aliitwa ashike taa ya mkono. Aliishika vizuri, ila macho yake yalikuwa kwenye viti vilivyochanika. Jioni akavitoa akavishona upya, mshono ulionyooka kama mstari wa rula. Yalikuwa majuma mazuri. Mke wa Mzee Sikio alisema hajamsikia mumewe akipiga mluzi tangu karakana ifungwe.

Siku lilipowaka, majirani walikuja kutazama. Mzee Sikio akaweka bisibisi juu ya injini na mpini sikioni, akafumba macho, na uani kote kukatulia.

"Linaimba," akasema.

Lakini kwenye dashibodi, katikati, palikuwa na taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, na haikuzimika.

"Hiyo ni nini?"

"Taa ya injini, Baba. Inasema kuna kitu hakiko sawa."

"Kitu gani?"

"Yenyewe haisemi."

"Basi huyo ni mmbea. Anayekwambia una tatizo halafu hataki kulitaja, ni mmbea tu. Lete utepe mweusi tumzibe."

"Tukimfunga mgonjwa macho ndiyo atakuwa amepona?"

Ingekuwa taa tu, Mzee Sikio angeiziba na asingeifikiria tena. Lakini taa ikiwaka, lori lilikosa nguvu. Kompyuta yake, kwa woga wake, ilikuwa inaibana injini isijidhuru. Dereva alilipeleka kwenye kilima cha tangi la maji, na lori tupu likapanda kwa kutambaa, mpaka mama mmoja aliyebeba furushi kichwani akalipita, akageuka kulitazama kwa masikitiko. Likiwa na mzigo na milima ile mbele yake, lisingefika.

Dereva akaazima kifaa kwa rafiki yake wa gereji kubwa. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni. Unakichomeka chini ya usukani, na simu inakusomea lori linalalamikia nini.

"Sensa ya hewa," akasema. "Inapima hewa inayoingia kwenye injini."

"Hewa nayo imewekewa mlinzi?"

"Injini za sasa zinahesabu pumzi zake, Baba."

"Na sisi tumeanza kuhesabiwa?"

"Bado kidogo."

Aliisafisha sensa, akaliendesha lori tangu asubuhi hadi alasiri, akachomeka kifaa, akaifuta taa. Ikafutika. Akapanda kilima cha tangi mbio mbio, akarudi nyumbani akipiga honi kuanzia kona. Mkwe aliposikia honi akaanza kufunga sufuria kwenye boksi. Na Mzee Sikio, kwa kuwa kazi sasa ilikuwa imekwisha, akasubiri binti yake aingie kumwogesha mtoto, akachukua brashi, mafuta ya taa na ndoo, akaiosha injini kama inavyotakiwa, akaipangusa, akashusha boneti kwa viganja viwili.

Asubuhi taa ikawaka.

Ndivyo mambo yalivyokwenda tangu hapo. Asubuhi Dereva anaifuta, inarudi papo hapo. Mchana, injini ikishapata moto na barabara ikishaliyumbisha, anaifuta na inakaa kimya mpaka jioni. Jioni kila mtu anasema safari hii imepona, na mkwe anafunga sufuria. Asubuhi iko palepale, manjano, na mkwe anafungua boksi kimya kimya kutoa sufuria ya chai. Dereva alinunua sensa mpya. Alibadilisha bomba la hewa. Alimwita rafiki yake wa gereji kubwa, naye akaja na simu yake, akatazama, akakuna kichwa, akasema magari mengine yana mkosi.

Wala hakuna aliyemwona Mzee Sikio akiosha. Si kwamba alijificha. Alifanya hivyo uani, kila mtu akipita. Lakini Dereva alikuwa amemwona baba yake akiosha injini tangu hajajua kutembea, na kitu ulichokizoea tangu utotoni hukioni tena. Kinakuwa kama ukuta.

Siku zikasogea. Mkuu wa shule akapiga simu, akasema Jumatatu shule inafunguliwa, na fundi asipokuwa amefika nafasi anampa mwingine. Njia ilikuwa ya siku mbili. Ilibidi waondoke Jumamosi asubuhi, au wasiondoke kabisa.

Jumatano maji yakakatika mtaani. Mzee Sikio alifungua bomba, likakohoa, likatoa hewa. Akanung'unika kwamba zamani maji yalikuwa yanakatika kwa taarifa. Akashusha boneti juu ya injini yenye vumbi, na alilala vibaya, kama mtu aliyekwenda kulala bila kunawa miguu.

Alhamisi asubuhi taa haikuwaka. Dereva alizungusha ufunguo, akangoja, akauzima, akauzungusha tena. Haikuwaka. Alishuka akamkumbatia mumewe mbele ya wazazi, jambo ambalo si la kawaida yake, na mkwe akabaki ameshika sindano yake juu asije akamchoma. Walizunguka na lori siku nzima wakibeba vitu vya watu, kulijaribu kwa mzigo, na lilipanda kila kilima. Jioni maji yakarudi kwa nguvu. Mzee Sikio, moyo umemjaa, maana safari sasa ilikuwa ya kweli na lori lilikuwa linakabidhiwa kweli, akaliosha kuliko siku zote, mpaka kwenye vitovu vya magurudumu.

Ijumaa asubuhi ikawaka.

Dereva alikaa kwenye ngazi ya lori, mikono katikati ya magoti. Mama yake alimletea chai, ikapoa.

"Nitajaribu mara ya mwisho kesho asubuhi," akasema baadaye. "Ikiwaka, basi. Mume wangu atampigia mkuu wa shule amwambie ampe mwingine. Labda hatukupangiwa."

Mkwe alichomoa sindano kwenye kola, akaitazama, akairudisha. Mke wa Mzee Sikio akaenda kusimama karibu na mumewe kizingitini, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hii ni kama vile inajua kuna mtu hataki waondoke."

"Taa haina akili."

"Sijasema taa."

Mkewe alikuwa ameweka kidole pale penye kidonda. Tangu habari ya shule ije, Mzee Sikio hakuwa ametamka hata mara moja kwamba hataki. Alikuwa amelitengeneza lori kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kila asubuhi taa ilipowaka kulikuwa na kitu ndani yake kilichokaa chini kupumzika, na kitu hicho alikiona aibu.

Mjukuu akaja na kikombe chake cha bati, akakaa mahali pake.

"Mchumba, umeamka?"

"Nimeamka zamani. Wewe ndiye hujaniuliza."

Alipoinua kikombe kwa mikono miwili, Mzee Sikio akaona pete. Ilikuwa pete ya mpira, nyembamba, ya rangi ya kijani, kwenye kidole gumba maana kwingine ilikuwa inapwaya. Alimpa mwenyewe, siku waliyofunga injini. Fundi yeyote atakwambia: ukimaliza kufunga, kitu kimoja hubaki kwenye mkeka, na wewe unajiambia labda hakikuwa na kazi. Siku hiyo kilichobaki kilikuwa kijimpira hicho, na yeye, kwa furaha ya injini kuimba, akakivisha kwenye kidole cha mtoto. "Haya, mchumba. Posa imekamilika."

Mzee Sikio akaweka kikombe chini. Alikwenda kwenye lori akafungua boneti. Akaishika soketi ya ile sensa ya hewa, akaibana, akaivuta. Ndani, kwenye shingo ya plastiki, palikuwa na mfereji mdogo wa mviringo, mtupu, mahali pa kukaa mpira wa kuzuia maji. Na katikati ya vijino vya shaba vya kupitishia umeme palikuwa na tone moja la maji, linang'aa kama jicho.

Akakumbuka Jumatano na bomba lililokohoa hewa. Kisha akairudisha soketi kama ilivyokuwa, na tone lake ndani, akashusha boneti.

Hakumwambia mtu. Alisema kichwa kinamwuma, akaachwa. Alishinda amekaa chini ya turubai akisugua spana ambazo hazikuwa na kutu. Wazo lililokuwa linamzunguka lilikuwa dogo na jepesi kama nzi, na kama nzi halikufukuzika. Hakuhitaji kusema uongo. Hakuhitaji hata kufungua mdomo. Ilitosha jioni achukue ndoo aoshe lori, kama alivyoosha siku zote, kama alivyofundishwa. Kesho ingewaka. Keshokutwa mtoto angekuja na kikombe chake. Nani angemlaumu mtu kwa usafi?

Jua lilipoanza kushuka, alikinga ndoo bombani. Akaibeba mpaka kwenye lori, akafungua boneti, akachovya brashi kwenye mafuta ya taa. Dereva alikuwa ndani. Mkewe alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, shati juu ya bega, na hakutazama upande wake.

Ndipo akasikia cherehani.

Mkwe alikuwa ameitoa mashine kwenye gunia. Labda ameamua hakuna safari tena. Labda mikono ilimwasha tu. Miaka yote waliyokaa chumba cha nyuma, cherehani ile ilikuwa inakwenda kama mvua ya masika juu ya bati, mfululizo, na Mzee Sikio alikuwa ameizoea akilala nayo. Jioni hii haikuwa hivyo. Ilishona kidogo, ikakaa kimya. Ikashona kidogo tena. Kimya kirefu. Kisha ikasikika sauti ya uzi unaofumuliwa.

Mzee Sikio aliweka brashi chini. Alifumba macho bila kujua kuwa ameyafumba, kama zamani karakanani, akasikiliza. Na akajua panauma wapi. Mtu anayeshona vile ni mtu aliyekwisha kujiona mwenye madirisha yake mwenyewe, na sasa anajirudisha barazani pa watu.

Akafumbua macho.

"Mchumba," akaita. "Njoo kwa babu."

Mtoto alikuja mbio, akasimama mbele ya ndoo.

"Nataka unirudishie pete."

Mkono ukaenda mgongoni. "Umeniacha?"

"Sijakuacha. Hiyo pete ni ya lori. Niliichukua bila kuliomba, ndiyo maana limenuna siku zote hizi."

"Mimi nitavaa nini?"

"Wewe utapanda lori lenyewe. Pete yako itakuwa mbele yako njia nzima. Ukitaka kuiona, unamwambia mama yako afungue boneti."

Mtoto akafikiri. Alikuwa amerithi kufikiri kwa baba yake.

"Ikidondoka?"

"Haidondoki. Ina mahali pake."

"Na wewe utapanda wapi?"

Mzee Sikio alijifanya anatazama kitu kwenye injini. "Mimi nitabaki na mke mwenzio," akasema. "Nikimwacha peke yake ataiba mtu wa watu."

Pete haikutoka. Ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kifundo cha kidole gumba, na mtoto akaanza kukunja uso. Babu yake akamchukua mkono, akauzamisha kwenye ile ndoo ya maji, akausugua taratibu kwa vidole vyake vigumu, na mpira ukateleza ukatoka.

"Dereva," akaita. "Njoo hapa. Acha kidude chako huko."

Dereva alikuja akikausha mikono. Baba yake alivuta soketi akamwonyesha tone. Akamwonyesha mfereji mtupu. Akafungua kiganja akamwonyesha mpira wa kijani. Mwisho akaelekeza kidole kwenye ndoo.

"Kila jioni, Baba?"

"Kila jioni. Isipokuwa ile maji yalipokatika."

"Na mimi nanunua sensa." Alikaa juu ya bampa akaanza kucheka, akicheka na kujifuta macho kwa ukingo wa khanga. "Na yule naye anasema lina mkosi."

"Sheria ni sheria," alisema Mzee Sikio, ameinama.

Kisha Dereva akaacha kucheka. "Umejua saa ngapi?"

"Asubuhi."

Alimtazama baba yake, akatazama jua lililokuwa limegusa mapaa ya nyumba, akaitazama ndoo iliyojaa. Alikuwa binti wa fundi. Alijua kuunganisha vitu. Mzee Sikio alingoja neno, na alikuwa tayari kwa neno lolote. Lakini Dereva alichukua tu ule mpira kiganjani mwake, akaukausha, akaupaka grisi kidogo, akaubana kwenye mfereji wake kwa ukucha, akaisukuma soketi mpaka ikalia *kak*.

"Haya," akasema. "Sasa lioshe."

"Hapana. Basi. Liende na vumbi lake."

"Baba. Gari la mtu halikabidhiwi likiwa chafu."

Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Dereva akaleta mfuko wa nailoni, wakaifunika soketi, wakaufunga kwa uzi wa mkwe, wasije wakajaribu bahati mara mbili. Kisha wakaosha wote wawili, yeye kwa brashi na binti kwa maji, na mtoto akapewa gurudumu lake mwenyewe asugue. Mke wa Mzee Sikio akapita na kikapu cha nguo.

"Mkimaliza hilo lori mwosheni na huyo mzee," akasema. Alipompita mumewe alimgusa mgongo kwa kiganja, kidogo tu, akaingia ndani.

Asubuhi walisimama wote wakati Dereva anazungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwanza, ndiyo desturi yake, kisha zikaanza kuzima moja moja. Ile ya manjano ilichelewa. Halafu nayo ikazimika. Hakuna aliyeshangilia. Mkwe aliingia ndani akafunga sufuria kwenye boksi, na safari hii akalipiga kamba mafundo mawili.

Walipakia mapema. Cherehani ilikaa katikati ya mzigo, imezungukwa na magodoro kama mgonjwa wa heshima. Kabla ya kupanda, mkwe alimpa Mzee Sikio kifurushi. Lilikuwa ovaroli jipya la buluu, lenye mfuko mrefu wa bisibisi kwenye paja. Hilo ndilo alilokuwa anashona na kufumua. "Mfuko ulikuwa unakataa kunyooka, baba," akasema, na hayo yakawa maneno yake mengi kuliko yote ya juma lile. Mzee Sikio akaishusha boneti kwa viganja viwili, akaviacha juu yake kidogo, kisha akaviondoa.

Watu wa siku hizi watabisha kwamba aliwaona mara nyingi baada ya hapo. Walipiga simu kila Jumapili, na simu ina kioo, na kwenye kioo kulikuwa na mkwe mbele ya madirisha yake, na mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, na uso wa Dereva unaoganda mdomo wazi. Yeye hayo hakuyaita kuonana. Alikuwa anaishika simu sikioni, hata ukimwambia aitazame. Likizo za shule zilikuwa fupi na njia ilikuwa ndefu. Kila mara walisema tutakuja, na hawakudanganya. Walikuwa wanakusudia kweli. Masika ya mwaka uliofuata Mzee Sikio alilala akiwa na nguo safi na miguu aliyoinawa, hakuamka.

Kwa hiyo mara ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi ile ya Jumamosi. Lori lilitoka uani, likakunja kona, likaingia barabara ya kilima cha tangi. Mkewe alikuwa anapunga kitambaa na kumwambia, "Punga mkono, Mzee, wanakuangalia." Lakini yeye alikuwa amefumba macho. Alikuwa anasikiliza. Alilisikia likiushika mlima, mzigo wote mgongoni, akamsikia Dereva akibadili gia pale hasa alipomfundisha, si kabla wala si baada, na injini haikusita. Alipofumbua macho, lori lilikuwa limefika juu, dogo, safi, jua linapiga bati lake. Dirishani ulikuwa umetoka mkono mdogo, vidole vyote vimetanuliwa, havina pete. Akainua wake.